FL Studio Haijakuibia, Buda. Tuliza Boli

Wasee, leo tuongee kuhusu hii kelele ya "FL Studio ni wezi".

Kila wiki lazima nikutane na hiyo risto. Msee amekesha akipika biti kwa FL Studio ya majaribio, ile ya bure. Akaisevu, akalala. Asubuhi anajaribu kuifungua, mradi unakataa, programu inamwambia anunue leseni kwanza. Basi kamera inawashwa, sauti inatetemeka: "Wamekula biti yangu! Wameteka kazi yangu nyara! Hawa watu wa Ubelgiji wanataka kuua maprodusa wa Afrika!" Watu kibao wanapiga moyo. Chini yake kila mtu anaongeza chumvi yake mwenyewe. Mmoja anasema yeye alipoteza albamu nzima. Mwingine anasema kampuni inasikiliza biti zetu kisirisiri halafu inaziuza Marekani. Mwingine, sijui alitoa wapi, anasema programu inaua laptopu makusudi ukikaa sana bila kulipa. Ikifika jioni, kampuni ya programu ya muziki imekuwa genge la majambazi wenye bunduki.

Maze.

Ukweli huwa haupati nafasi kwenye hizo vidio, kwa hivyo wacha niuweke hapa. FL Studio ya majaribio haina mwisho wa muda. Si siku 14, si siku 30. Ukitaka itumie mpaka upate wajukuu. Haijakatwa miguu pia, vyombo na plagini ziko ndani ujaribu. Ukimaliza biti unaitoa kama WAV au MP3 na unaipeleka popote unapotaka, kwa msanii, kwa klabu, kwa shosho wako akichezee kuku. Kitu kimoja tu ndicho huwezi kufanya: kufungua tena mradi uliosevu, mpaka ununue leseni. Na siku ukinunua, hiyo miradi ya zamani inafunguka. Haikuenda mahali. Faili iko kwenye kompyuta yako, kejani kwako, hakuna mtu Ubelgiji ameikalia.

Na hii si siri iliyofichwa kwa herufi ndogo za chini. Kampuni yenyewe, Image-Line, inaieleza peupe inapokupa toleo la majaribio. Hakuna mtu aliibiwa hapo. Kuna mtu hakusoma.

Lakini "sikusoma" haiwezi kupata mioyo elfu tano. "Wameniibia" inaweza. Hapo ndipo shida ilipo, na ndiyo sababu naandika.

Kuna hii nyingine ya bei. "FL Studio wamepandisha bei tena, wanatuchukia." Hebu tupige hesabu pamoja. Toleo la chini, Fruity Edition, limeuzwa kwa dola 99 kwa miaka na miaka. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 huku kwetu. Hiyo inakupa kama 15,800. Baadaye mwaka huo huo shilingi ikapata nguvu, dola ikarudi karibu 129, na ile dola 99 ikawa kama 12,800. Tofauti ya elfu tatu, na Ubelgiji hakuna mtu alikuwa amegusa bei. Shilingi yetu ndiyo ilianguka na kuinuka. Ukitaka kumlilia mtu kuhusu hiyo, ofisi zake ziko hapa hapa Nairobi, unaweza kuenda na matatu. Na VAT ya asilimia 16 kwa huduma za kidijitali zinazotoka nje pia ni sheria yetu, ilipitishwa na watu tuliowapigia kura. Sijaona vidio hata moja ya kulia kuhusu hiyo.

Halafu kuna kundi la "FL Studio sasa ni ya kulipia kila mwezi". Hawa walianza 2023, FL Cloud ilipotoka. FL Cloud ni huduma ya pembeni: sampuli za sauti, mastaringi, kusambaza ngoma zako. Hiyo ndiyo unalipia kila mwezi, ukitaka. Usipotaka, programu yenyewe inabaki vile ilikuwa, unainunua mara moja na basi. Naelewa mtu akikasirika kwamba wameweka mlango wa FL Cloud ndani ya programu aliyoilipia. Hata mimi sipendi kuuziwa vitu nikiwa kazini. Lakini kati ya "wananiwekea tangazo mbele ya macho" na "wamegeuza programu yangu kuwa ya kodi ya mwezi" kuna umbali wa kutoka Rongai mpaka Thika, na foleni ikiwemo.

Kitu kinanichekesha, kwa uchungu, ni kwamba kati ya kampuni zote za programu za muziki mngeamua kuzichafua, mlichagua hii. Kwa vijana ambao hawajui historia: programu hii ilianza 1997 ikiitwa FruityLoops, ilitengenezwa na Didier Dambrin, na mwanzoni ilikuwa tu mashine ya kupanga ngoma. Jina la FL Studio lilikuja 2003. (Wamarekani wanaotengeneza ule mlo wa asubuhi wa Froot Loops walikuwa na maneno yao kuhusu lile jina la kwanza. Hiyo risto ni tamu, siku ingine.) Tangu zamani sera yao imekuwa moja: ukinunua mara moja, unapata matoleo mapya ya programu bure, maisha yako yote. Msee aliyelipa miaka ishirini iliyopita bado anapata toleo la leo bila kuongeza hata shilingi. 2018 walipotoa toleo kamili la Mac, aliyekuwa na leseni ya Windows akapewa na la Mac bila malipo.

Linganisha sasa. Ableton wakitoa toleo kubwa jipya, ulikuwa na la zamani, unaongeza pesa kuhamia. Avid wa Pro Tools wamesukuma watu kwenye kulipa kila mwezi na kila mwaka mpaka watu wakazoea. Apple na Logic Pro ni kulipa mara moja, kweli, karibu dola 200, lakini kwanza lazima uwe na Mac, na bei ya Mac unaijua. Sasa wewe umeruka hao wote ukaenda kumpigia mwizi yule mmoja ambaye hakutozi mara ya pili. Ni kama kumshika koo konda aliyekurudishia chenji yako yote, juu gari ilichelewa.

Sisemi hawana makosa. Wanayo, na nitayataja, juu mtu asiyejua makosa ya kweli ndiye hutunga ya uongo. Lile toleo la dola 99 halirekodi sauti. Sasa fikiria kijana wa Kariobangi amekusanya 12,800 kwa miezi minane, amenunua, amechomeka mikrofoni, msanii amesimama tayari, halafu anagundua sauti haiingii. Alihitaji Producer Edition, ambayo ni karibu mara mbili ya hiyo bei. Ndiyo, kuna jedwali la kulinganisha kwenye tovuti yao. Lakini kuuza kitu kinaitwa studio ambacho hakirekodi sauti, kwa mtu ambaye hiyo ndiyo pesa yake yote, ni jambo la kulalamikia. Lingeandikwa kwa maandishi makubwa karibu na kitufe cha kulipa: HII HAIREKODI SAUTI. Hiyo ni lalamiko la kweli. Lina sentensi moja, linaeleweka, na kampuni inaweza kulirekebisha kesho asubuhi wakitaka.

Umewahi kuliona kwenye hizo vidio? Mimi sijaliona. Liko chini kabisa, limefunikwa na "wanauza biti zetu Marekani".

Sasa tuje kwa wale wa kreki, juu najua mnangoja.

Wengi wanaopiga nduru ati FL Studio imewaibia hawajawahi kuilipa hata senti. Wako na ile ya kutoka Telegram, au ile fundi wa tao aliwawekea kwa bei ya chipo kuku. Halafu siku kreki ikigoma, plagini zikitoweka, laptopu ikijaa vairasi na akaunti zao za mitandao zikianza kutuma ujumbe wa bitcoin kwa watu wa kanisa, lawama inaenda wapi? Image-Line. "Hii programu ni mbaya, iliniharibia kompyuta." Ndugu yangu, ulifungua faili imetumwa na mtu anajiita DarkBoss, ikakwambia uzime ulinzi wa kompyuta kwanza, ukazima. Huyo ndiye unafaa kumtafuta.

Na kuna wale wamesoma kidogo, hao ndio hatari. Wanakuja na historia. "Ubelgiji walikula Kongo, kwa hivyo kreki ni fidia." Nimeisikia hii kwa masikio yangu, kwa msee mwenye akili timamu. Sikiza. Leopold wa Pili alifanya Kongo mali yake binafsi kutoka 1885 hadi 1908. Watu walikatwa mikono juu ya mpira. Mamilioni walikufa. Hiyo ni damu, si utani, na kuna watu Lubumbashi na Kisangani wanastahili jibu mpaka leo. Sasa niambie, wewe uko Umoja na kreki yako ya bure, ni senti ngapi zimefika Kisangani? Umechukua kaburi la watu wa wenyewe ukalifanya kisingizio cha kukwepa kununua programu. Hiyo pia ni kuwatumia Wakongo, na hawakukupa ruhusa.

Kitu kingine. Huyu huyu wa fidia, biti yake ikianza tu, kuna sauti ya mtoto inataja jina lake mara tatu ndiyo isiibiwe. Msanii wa Eldoret akiitumia bila kulipa, anaandika ukurasa mzima. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda biti yako. Sheria hiyo hiyo inalinda programu za kompyuta, imeziweka pamoja na kazi za maandishi. Huwezi kusimama juu ya tawi ukilikata.

Na usiniambie maskini hana njia ingine. Najua ufukara, hakuna mtu atanifundisha. Lakini Reaper ni dola 60 kwa leseni ya mtu wa kawaida, kama shilingi 7,700, na kabla ya hapo unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa nzima, miradi inafunguka, inarekodi sauti, kila kitu. LMMS ni ya bure kabisa. BandLab ni ya bure, inaenda hata kwa simu. Za bure ni ngumu kuzoea, kweli, na hazina sifa mtaani. Huwezi kupiga picha ukiwa na LMMS nyuma yako ukaonekana produsa mkubwa. Hapo tunaongea kuhusu sifa sasa, tumeacha kuongea kuhusu umaskini. Na kama tatizo ni kadi ya kulipia, tangu 2022 kuna kadi ya Visa ya M-Pesa, unaitengeneza kwa simu ukiwa kwa foleni ya maji.

Najua kuna msee ameshaanza kuandika kwamba nimelipwa na Image-Line. Ningekuwa nimelipwa singekuwa naandika hii kwa simu yenye kioo kimepasuka mahali herufi R inakaa. Image-Line hawanijui. Watalala poa usiku huu, na waliamka poa asubuhi ya ile vidio yenu ya elfu tano pia. Hamuwafanyi kitu. Mtu mnayemfanyia kitu ni mwingine kabisa.

Kuna jamaa nilisoma naye chuo kabla sijaacha. Ni produsa, mzuri kushinda mimi na wewe, na ni mtu wa kimya. Kwa miaka miwili alikuwa akitoa ngoma kupitia kampuni fulani ya kusambaza muziki, zile zinazopeleka ngoma zako kwa majukwaa yote halafu zinakukusanyia pesa. Kidogo kidogo akaunti ikafika kama shilingi 38,000. Kwa wengine hiyo ni pesa ya wikendi. Kwake ilikuwa kodi ya keja na karo ya dada yake kidato cha tatu. Siku aliyoomba kuitoa, akaunti ikafungwa. Barua pepe ikaja: tumeona usikilizaji wa kutiliwa shaka. Basi. Hawakusema ngoma gani, mwezi gani, wala ushahidi gani. Aliandika mara saba. Alijibiwa na mashine mara saba, kwa maneno yale yale, mpaka jina lake lilikosewa vile vile kila mara.

Jamaa alifanya kila kitu sawa. Alipiga picha za skrini. Alipanga tarehe. Alionyesha kwamba hajawahi kununua wasikilizaji. Akaweka hadharani, kwa lugha ya pole, hakutukana mtu.

Unajua alijibiwaje? "Pole buda, hata FL Studio walinifanyia hivyo." "Kampuni zote ni wezi, zoea." "Mimi walikula albamu mzima." Wale wale. Mtu wa redio mmoja tunayemfahamu, tulimwomba aitaje hewani, akatuambia bila ubaya wowote: kila siku ni kampuni fulani imewaibia maprodusa, wasikilizaji wamechoka, tafuteni kitu kipya. Pesa ya kweli, ya mtu wa kweli, iliyoshikwa bila maelezo, ikawekwa kwa sanduku moja na biti ambayo haikupotea.

Hapo ndipo nilikasirika, na hasira haijaisha. Neno wizi lina kazi. Mmelitumia kwa kila kitu mpaka limekuwa kama filimbi ya makanga, inalia siku nzima na hakuna mtu anageuka.

Na si kwamba kelele haifanyi kazi. Inafanya, ikiwa imepangwa. Mnakumbuka Waves? Wale wa plagini, wako sokoni tangu 1992, nusu ya ngoma unazozipenda zimepita mikononi mwao. Mwishoni mwa Machi 2023 waliamka wakatangaza kwamba hawauzi tena leseni za kudumu. Kuanzia hapo ni kulipa kila mwezi, dola 14.99 kwa kifurushi kidogo, 24.99 kwa kikubwa. Wale waliokuwa wamenunua zamani waliachiwa walichonacho, lakini ile njia ya kulipia matoleo mapya ya plagini zao ikafungwa. Fikiria maana yake: kompyuta yako ikibadilika miaka miwili mbele, plagini uliyoilipa pesa nzima inaweza kukataa, na dawa pekee ni kuanza kukodi upya kitu ulichonunua.

Hilo lilikuwa jambo la kweli, na mafundi wa sauti dunia nzima waliwaka. Lakini soma vile wale wa maana walilalamika. Hawakusema Waves wanakula watoto. Walisema: tarehe fulani mliniuzia hii, kwa bei hii, mkiniambia ni ya kudumu. Leo mmefunga njia ya kuitunza. Rudisheni leseni ya kudumu, rudisheni njia ya kuipata toleo jipya. Mambo mawili, yanahesabika. Walikuwepo pia wale wa kutia chumvi, ati kila kitu walichonunua kimefutwa, na hao walikuwa wa kupuuzwa, juu leseni za zamani bado zilikuwa zinafanya kazi. Wiki haikuisha. Waves waliomba radhi hadharani na wakarudisha vyote viwili, ununuzi wa kudumu na mpango wa matoleo mapya, huku wale wanaotaka kulipa kwa mwezi wakiendelea na yao. Kampuni yenye tuzo ya Grammy ya ufundi ilirudi nyuma kwa siku chache, juu ya watu waliojua wanataka nini.

Hata hapa nyumbani tumewahi kuona. Ile pesa ya Skiza, ya milio ya simu, ilipiganiwa miaka. Wasanii hawakushinda kwa kuita watu majambazi, ingawa waliita, na sikatai kulikuwa na sababu. Walishinda pale mjadala ulipogeuka kuwa asilimia. Nani anapata ngapi? Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2022 yakaandika nambari: mwenye kazi asipate chini ya asilimia 52. Unaweza kusema hiyo bado ni ndogo, na utekelezaji ni maneno mengine, na kodi inakatwa kwanza. Sawa. Lakini sasa uko na nambari kwenye sheria ya kumwonyesha mtu. Msee wa "wametumaliza" hana cha kuonyesha.

Na kama unataka hasira ya bure, isiyohitaji chumvi, rudi 2019. MCSK, chama kilichokuwa kikikusanya pesa za wanamuziki, kiligawa takriban shilingi 2,500 kwa kila mwanachama. Elfu mbili na mia tano. Awe ametoa ngoma moja ya kanisani 2006, awe anajaza viwanja, kiasi ni kimoja. Wasanii waliposema hadharani kwamba ni matusi, hawakuongeza hata neno, waliweka nambari mezani ikajiongea. Ukiwa na ukweli mbaya hivyo, chumvi ni ya nini?

Kwa hivyo kijana wa mradi uliokataa kufunguka, nakupa njia. Kabla hujalala, toa kila chombo cha biti yako kando kando kama WAV: ngoma peke yake, besi peke yake, melodi peke yake. Toleo la majaribio linakuruhusu. Kesho ukikosa kufungua mradi, unazipanga upya kwa programu yoyote ya bure na unaendelea na kazi. Inachukua dakika kumi. Vidio yako ya kulia ilichukua dakika ngapi na taa ile yote?

Na wewe uliyenunua Fruity Edition ukakuta hairekodi, waandikie. Kwa adabu, kwa sentensi tatu, uwaambie waweke onyo kwenye ukurasa wa kulipa. Nitumie nakala nami niandike yangu. Tukiwa hamsini tumesema kitu kimoja, kuna mtu huko Ubelgiji atalazimika kukisoma.

Wale ambao pesa yenu imeshikwa na kampuni za kusambaza muziki, nyinyi ndio nawatafuta hasa. Ninakusanya kesi, na jamaa yangu wa 38,000 ndiye namba moja kwenye orodha. Nitumie kiasi, tarehe uliyoomba kuitoa, tarehe akaunti ilifungwa, na barua zote ulizoandika na majibu yake, hata yale ya mashine. Ficha nambari zako za siri. Usiniandikie kwamba ni wezi. Niandikie siku gani.